Siku Karani Tamba Alipoupima Mji wa Kiboko

Paukwa.

Pakawa.

Hapo kale palikuwa na nini?

Palikuwa na mji.

Na mji ulikuwa na nini?

Ulikuwa na watu.

Na watu walikuwa na nini?

Walikuwa na matumbo.

Na matumbo?

Yaliuma.

Vizuri. Wewe wa pale nyuma umeitikia kwa pua, lakini nitakusamehe, labda umeshiba. Hawa ninaowasimulia hawakuwa wameshiba.

Basi, palikuwa na mji kando ya kijito, ukiitwa Mawemawe. Mkuu wake alikuwa Kiboko. Nani alimchagua? Hakuna. Alikuja siku moja, akaingia kwenye bwawa la juu, pale chemchemi inapotoka, akakaa. Kwa kuwa hapakuwa na wa kumtoa, akawa mkuu. Wako wakuu wanaoanza hivyo, wala tusigombane kwa hilo.

Maji ya bwawa la juu yalikuwa safi, unaona changarawe mpaka chini. Hayo yalikuwa ya Kiboko peke yake. Wengine wote, akina Swala, akina Kobe, akina Nungunungu, walikunywa kule chini, maji yakishapita kwake. Na Kiboko tabia yake mnaijua. Kila asubuhi anasogea mpaka pale bwawa linapomwagikia kijito, anaelekeza makalio chini kwa watu, anazungusha mkia: pwata, pwata, pwata. Kinyesi huku, kinyesi kule. Maji yanashuka yakiwa mazito kama supu ya maharage, na watu wa chini wanakunywa, kwa sababu kiu haichagui. Ikifika mchana matumbo yanaanza: ngurr, ngurr, ngurr. Watoto wanaharisha mpaka macho yanaingia ndani.

Katika mji huo alikaa Pimbi. Pimbi ni yule mnyama mdogo wa mawe, ukimwona utasema sungura aliyekatwa masikio. Alikuwa mjane, na alikuwa na mtoto mmoja tu, Kidawa. Na Kidawa alikuwa anaharisha.

Sasa habari zikafika kwamba Karani Tamba anazunguka. Karani Tamba ni ndege mwenye miguu mirefu, manyoya yamechomekwa kisogoni, anapenda kutembea kuliko kuruka. Baraza la wanyama lilimpa kazi moja: apime kila mji unavyotunza afya za watu wake. Hapimi kwa kamba wala kwa mizani. Anatembea tu, tapu, tapu, tapu, anatazama. Akiona jema, unyoya mmoja kisogoni unasimama. Akiona baya, unyoya mmoja unalala. Mji utakaosimamisha manyoya mengi kuliko yote utapewa Bonde la Mnyasi, na kule nyasi zinafika tumboni, hazijawahi kuguswa na jino la mtu.

Kiboko aliposikia nyasi, masikio yake madogo yakacheza. Akamwita Ngiri, mnyapara wake.

"Ngiri, bonde lile ni langu."

"Ni lako, Bwana Mkubwa."

"Mji wenye afya ni upi?"

"Ni ule wenye maji safi, Bwana, na watu wake..."

"Mji wenye afya ni ule usio na wagonjwa. Mimi ninao?"

"Unao, Bwana. Tena wengi."

"Basi waondoe."

Ngiri akakuna shingo. "Tuwatibu?"

Kiboko akamtazama, akamtazama, mpaka Ngiri akapiga magoti. "Kutibu kunachukua muda," Kiboko akasema. "Waondoe machoni."

Basi Ngiri akapita nyumba kwa nyumba. Anayekohoa, toka. Anayeshika tumbo, toka. Anayekwenda kichakani mbio, toka. Akawaswaga wote mpaka chini ya mwamba mkubwa, palipokuwa na pango, akawaingiza humo. Kidawa alivutwa kutoka mgongoni kwa mama yake.

Pimbi akamkimbilia Kiboko. "Bwana Mkubwa, mtoto huyu hana ugonjwa mkubwa. Anataka maji tu, maji safi, basi."

"Atakunywa bonde likishakuwa langu."

Kisha Kiboko akaliegemea jiwe kwa bega, akasukuma: gurrr. Mlango wa pango ukafungika. Jiwe lile hakuna mwingine mjini aliyeweza hata kulitikisa. Kiboko akageuka, akafungua kinywa ili kila mtu aone meno, akasema, "Atakayemtajia Karani habari za pango hili, nitamtafuna katikati."

Mimi nikifika hapa huwa nakasirika, nisameheni. Wagonjwa wamefungiwa ili mji uonekane mzima.

Jiwe lilibakiza ufa mmoja, mwembamba, kidole hakipiti. Pimbi akakaa hapo. Alipanda juu akijificha, akalowesha bua la nyasi katika bwawa la Kiboko, akashuka mbio, akalipenyeza kwenye ufa.

"Kidawa. Nyonya."

Akasikia likivutwa. Fyonz, fyonz.

"Mama, lete lingine."

Akaleta lingine. Akapanda, akashuka, akapanda, akashuka. Kila bua matone machache. Kesho yake Kidawa akawa anavuta polepole. Keshokutwa yake Pimbi alipenyeza bua, akangoja, halikuvutwa.

"Kidawa. Nyonya, mwanangu."

Bua likatikisika kidogo, likatulia.

Na hapohapo, kutoka upande wa barabara, ikasikika: tapu, tapu, tapu. Karani Tamba amefika, bila kupiga hodi ya mbali wala kutuma mtu. Ngiri akaja mbio na tope mdomoni, akamsukuma Pimbi, akaupaka ufa wote, paa, paa, paa, kikohozi kisisikike nje. Hewa nayo akaizuia, ila hilo hakulifikiria. Bua la Kidawa likabaki limetokeza nje kipande, limeshikwa na tope.

Pimbi aliogopa. Sitawaambia alikuwa jasiri. Angemwendea Karani aseme, mwanangu yumo humo? Karani msemo wake ulijulikana kila mji: "Sipimi maneno, napima ninachokiona." Kiboko angesema mwamba ni mwamba, na mwamba usingefunguka. Wa kulisogeza jiwe alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyelisogeza.

Karani akaanza kazi. Tapu, tapu, tapu, mpaka bwawa la juu.

"Watu wako wanakunywa wapi?"

"Hapahapa," akasema Kiboko. "Sivyo, Swala?"

Swala akayatazama meno. "Ndivyo. Tunakunywa hapa."

Karani akainamia maji, akaona changarawe mpaka chini. Unyoya mmoja ukasimama. Kiboko akaumeza kwa macho ule unyoya.

Tapu, tapu, tapu, mpaka malishoni. Majani yalikuwa mengi, maana walaji walikuwa pangoni. Unyoya mwingine ukasimama.

Tapu, tapu, tapu, mpaka uwanjani, mbele ya ule mwamba. Wenye afya walikuwa wamepangwa mstari.

"Rukeni," akasema Ngiri.

Wakaruka. Puh, puh, puh. Hata Kobe aliinua miguu ya mbele. Unyoya wa tatu ukasimama.

"Na wagonjwa?" akauliza Karani.

"Neno hilo hapa hatulijui," akasema Kiboko.

Karani akatazama huku, akatazama kule. "Basi nimemaliza." Akakunjua mabawa.

Pimbi alikuwa amesimama nyuma ya watu. Macho yake hayatoki kwenye kile kipande cha bua. Mabawa yakipiga, mtoto wake amekufa. Akajipenyeza kati ya miguu ya Swala, akatokea mbele.

"Shikamoo, mgeni wetu."

"Marahaba."

Kiboko akageuza kichwa taratibu. Ngiri akasogea. Kila mtu pale akajua Pimbi atasema nini, na atatafunwa.

"Naomba radhi kwa niaba ya mji," akasema Pimbi. "Tumekukosea adabu. Umetoka mbali. Umeonyeshwa maji, umeonyeshwa chakula, na hakuna aliyekuonyesha msalani."

Hilo si kosa, jamani. Mgeni akija kwako humwonyeshi msala? Hata mkali wa wakali hawezi kumtafuna mtu kwa kumwonyesha mgeni choo.

Karani akakunja mabawa. "Kweli," akasema. "Nilitaka kusahau. Mji usio na choo siwezi kuusifu. Choo chenu kiko wapi?"

Kiboko akatazama kushoto. Akatazama kulia. Yeye maisha yake yote choo chake kilikuwa vichwa vya watu wa chini. Hakuwahi kufikiria kwamba jambo lile lina mahali pake. Karani akangoja. Unyoya mmoja ukalala. Akaendelea kungoja. Wa pili ukaanza kuinama.

"Kipo," akasema Kiboko. "Tunacho. Kikubwa sana. Kinafagiliwa tu. Subiri kidogo, mgeni."

Akamvuta Pimbi nyuma ya kichaka. Pumzi zake zilikuwa za moto.

"Mama Kidawa, umenitia shimoni, sasa nitoe. Nipatie choo."

"Kipo kimoja, Bwana Mkubwa. Sisi pimbi hatujisaidii ovyo. Ukoo wetu wote, babu mpaka mjukuu, tunakwenda mahali pamoja, tangu zamani. Nyinyi mlikuwa mkitucheka. Pamekauka, pana mpangilio, nzi hakuna. Karani akipaona manyoya yatasimama yote."

"Wapi?"

"Palepale pangoni. Wagonjwa umewafungia chooni kwetu."

Hili lilikuwa kosa la mtu asiye na choo, hawezi kukijua hata akikiona. Kiboko akahema. "Nikifungua atawaona."

"Hatawaona. Nyuma ya mwamba kuna katundu, kanaingia mtu wa kimo changu tu. Nitazunguka, niwatoe mmoja mmoja niwapeleke vichakani. Nikirudi nikikwambia tayari, wewe fungua. Atakuta choo kitupu."

Hapo mwenye akili angeuliza: kama katundu kapo, wewe Mama Kidawa siku zote hizi ulikuwa unanyonyesha mtoto kwa bua la nini? Kiboko hakuuliza. Alikuwa anafikiria nyasi za kufika tumboni.

"Nenda. Na ukinichezea, wewe na mwanao mtaingia kinywani pamoja."

Pimbi akakimbia. Nyuma ya mwamba hapakuwa na katundu. Palikuwa na mwamba. Akakaa chini, akaweka sikio juu ya jiwe baridi. Hakusikia kitu. Akataka kungoja kidogo zaidi ili Kiboko aamini, lakini moyo ulikataa kungoja. Akarudi akihema kwelikweli.

"Tayari, Bwana."

"Wote?"

"Wote."

Kiboko akaweka bega. Akasukuma. Tope lilikuwa limekauka, jiwe likagoma. Akasukuma tena, gurr, likasogea unene wa jani. Kwa ndani mtu akakohoa.

Kiboko akasimama. "Nimesikia nini?"

"Popo, Bwana."

"Popo anakohoa?"

Pimbi akamwonyesha kwa kidevu. Karani alikuwa ameinamisha kichwa upande, na unyoya wa pili ulikuwa umekwisha kulala. Umebaki mmoja. Kiboko akautazama ule mmoja kama mtu anayetazama sahani yake ikiondolewa mezani. Akaweka bega, akafumba macho, akasukuma kwa nguvu zote alizopewa na Mungu.

Gurrrrr.

Jiwe likabingirika. Harufu ikatoka kwanza. Kisha akatoka Nungunungu mzee, anatambaa. Akatoka mke wa Kobe. Wakatoka watoto wa Swala, miguu inagongana, na Swala aliyesema anakunywa bwawa la juu akaanza kulia mbele za watu. Wakatoka, wakatoka, wakaacha kutoka. Kidawa hakutoka.

Pimbi akaingia. Giza. Akapapasa, akamgusa. Kidawa amelala ubavu, kipande cha bua kiko midomoni, hakukiachia. Akaweka shavu kwenye pua ya mtoto. Akangoja. Akangoja. Hewa ikaja, kidogo, ya uvuguvugu. Akamweka mgongoni, akatoka naye.

Nje manyoya yote ya Karani yalikuwa yamelala, kisogo kitupu. Na mbele ya pango alisimama Kiboko, kinywa wazi, wazi kabisa, meno juu, meno chini. Kinywa kile kilikuwa kinamjia Pimbi. Nyuma yake pango. Kushoto Ngiri. Pa kukimbilia hapana.

Pimbi hakupiga kelele. Alisema taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake shati limetoka nje.

"Usinitafune sasa, Bwana. Bado anapima."

Kinywa kikasimama hewani.

"Wagonjwa ameshawaona, hilo limepita," Pimbi akasema. "Sasa anatazama mkuu atawafanyia nini. Hapo ndipo kwenye manyoya mengi. Mwangalie, ameondoka?"

Kiboko akazungusha jicho moja. Karani hakuwa ameondoka. Alisimama kwa mguu mmoja, anatazama.

"Nifanye nini?" akanong'ona, kinywa bado wazi.

"Usikifunge. Kiache hivyohivyo, kwa mbali ni tabasamu. Usogee. Watu wakanywe bwawani."

"Bwawani kwangu?"

"Nyasi zinafika tumboni, Bwana."

Kiboko akasogea. Pimbi akapita chini ya yale meno, mtoto mgongoni, na tone la mate likamdondokea sikioni. Hakukimbia, maana ukikimbia unakumbusha meno kazi yake. Alitembea mpaka bwawani. Akamshusha Kidawa, akamlowesha midomo. Kidawa hakumeza. Akamlowesha tena. Koo likapanda, likashuka. Akafumbua jicho.

"Mama," akasema, "haya hayanuki."

Akanywa. Akanywa tena. Na wengine wote wakaja wakainama pembeni yake, wagonjwa na wazima, na hakuna sauti iliyosikika ila kumeza, glu, glu, glu.

Kisogoni kwa Karani unyoya mmoja ukasimama. Kiboko akauona. Laiti asingeuona.

Karani akakunjua mabawa, akaenda zake mji mwingine. Kiboko hakumwona akiondoka, alikuwa kule chini kwenye tope, mahali Pimbi alipomwelekeza akae ili ionekane amewaachia watu juu, anang'ang'ania tabasamu mpaka mashavu yanamuuma.

Asubuhi akauliza, "Mama Kidawa, ameondoka?"

"Bado, Bwana. Anapima kwa kujificha. Umeona nyasi zile zinavyotikisika?"

"Nimeona."

"Ndiye huyo."

"Na mkia wangu? Tumbo limejaa."

"Nenda nao mbali na maji, Bwana. Mkia nao anaupima."

Kesho yake akauliza tena, akajibiwa bado. Mwezi uliofuata akauliza, bado. Bonde la Mnyasi walipewa watu wa mji mwingine, wakalila likaisha, likaota upya, wakalila tena. Hakuna aliyemwambia Kiboko. Kidawa akakua, akanenepa, akaolewa, na siku Pimbi alipochoka kushuka mpaka kwenye tope, Kidawa ndiye alikuwa anashuka kujibu.

"Bado, Babu. Tabasamu."

Sasa mtaniuliza funzo, kwa sababu nyinyi bila funzo hamlali. Haya. Funzo ni kwamba watoto wamtii mkuu wao, mgeni asionyeshwe msala, na mgonjwa afichwe vizuri zaidi kuliko walivyofichwa wale. Na ukitaka kujua mji una afya, usihangaike kwenda mpaka kwenye maji. Mtazame mkuu. Akiwa ameonyesha meno yote, jua watu wake ni wazima.

Hadithi nimeitua chini. Aliyecheka achukue kipande, aliyesinzia akalale mikono mitupu.